Mkono Unaocheza Kuliko Mwenye Gitaa

Lubumbashi ni mji wa mafundi. Tuna wazee walioacha ujana wao kwenye matanuru ya shaba, tuna mafundi wa reli, tuna vijana wanaoshusha injini ya lori la Kasumbalesa ukingoni mwa barabara na kuirudisha kabla jua halijazama. Sasa chukua gitaa la umeme ambalo mkono wake umelegea, uwapelekee. Wote, kuanzia mzee wa kiwanda hadi mama wa maandazi pale kona, watakupa dawa ileile moja: kaza.

Kaza! Kana kwamba mtu anaweza kupiga akompa, gitaa la kusindikiza, miaka yote hii, ibada kwa ibada, harusi kwa harusi, matanga kwa matanga, asijue kuzungusha chuma kuelekea kulia.

Kwa wale ambao Mungu amewaepusha na chombo hiki, nieleze. Kwenye magitaa mengi ya umeme, pale nyuzi zinapofungwa kwenye daraja, kuna kijiti cha chuma kilichopinda kinachochomoza nje. Huo ndio mkono wa vibrato. Ukiusukuma kuelekea kwenye ubao, daraja lote linainama, nyuzi sita zinalegea kwa pamoja na sauti inazama. Ukiuachia, springi zilizofichwa mgongoni mwa gitaa zinalivuta daraja, na sauti inapanda mahali pake. Kazi yake ndiyo hiyo tu. Wa kwangu ulijiongezea ya pili: kucheza. Ukiusukuma, unasogea kwanza bure, hakuna kinachotokea. Halafu unasikia "tak" ndani ya chuma, ndipo sauti inaanza kuzama, tena imechelewa. Ukiuacha, hautulii pale ulipouweka. Unateremka polepole, unaning'inia, unagonga kitufe cha sauti.

Nyumbani hilo lingevumilika. Kanisani, hapana. Kuna ile saa ambayo mchungaji anashusha sauti, waumini wamefumba macho, nami kazi yangu ni kutandika akodi laini chini ya maombi. Hapo ndipo mkono unapopata nafasi yake: ko, ko, ko, juu ya kitufe, na gitaa la bei yangu halifichi siri, linapeleka kila kitu kwenye spika. Jumapili moja mchungaji alifungua jicho moja, akalitazama gitaa, akalifumba tena. Baada ya ibada akanishika bega.

"Ndugu," akasema, "ule mukono ya gitare, paka yeye njo alisikia Roho leo?"

Tangu hapo gitaa langu likawa mgonjwa wa kanisa zima. Penye wengi pana mengi. Mpiga bezi alisema nizungushe mpaka mwisho wa tundu, kisha nimalizie kwa koleo. Mpiga bezi ni mtu mwema, lakini gitaa lake halina mkono, na shauri lake ndilo linalokata mikono duniani. Ile ncha yenye meno ni nyembamba. Ukiibana chini kabisa ya tundu halafu ukaendelea kuusukuma mkono, inakatikia humo ndani, na kipande kilichobaki hakina pa kushikwa. Mpiga ngoma alileta chingamu, ameshaitafuna tayari ili kuokoa muda. Kiongozi wa kwaya, mama mwenye imani kubwa, alileta gundi ile ya tone moja inayoshika vidole kuliko inavyoshika viatu. Gundi ingefaa, sikatai. Ila mkono uliogandishwa hautoki tena, na gitaa ambalo mkono wake hautoki haliingii kwenye mfuko wake. Ningelibeba wazi ndani ya basi dogo la mtaa wetu wa Katuba, watu wanne kwenye kiti cha watatu, na mkono ukitafuta mbavu za jirani.

Isitoshe, mkono wenyewe haukuwa wa gitaa hilo. Wa asili ulipotelea mtaa wa Ruashi. Gitaa liliazimwa na kijana mmoja kwa ajili ya harusi, likarudi asubuhi likinuka bia, uzi mmoja umepungua na mkono haupo. Nilipomwuliza, hakuona hata haya.

"Yaya, weye unapigaka akompa. Mukono ya nini?"

Neno hilo liliniudhi kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake, na kijana aliyenipotezea mali hana haki ya kusema ukweli siku hiyohiyo.

Basi nikaenda sokoni Kenya. Kenya hii ni ya kwetu, wilaya ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi. Pale kuna meza zinazouza kila kitu kilichofiwa na mwenzake: rimoti zisizo na televisheni, chaja zisizo na simu, nyaya za spika, nyuzi za gitaa zinazouzwa mmoja mmoja. Mwuzaji alichimba ndani ya ndoo, akatoa mkono unaong'aa, na kikofia chake cheupe cha plastiki nchani.

"Papa, hii aiko ya Chine. Iko ya Amerika. Orijinali."

"Itaingia kwenye gitaa langu?"

"Itaingia, papa. Iko iniversel."

Na kweli uliingia. Tena uliingia kwa upole, bila kubishana, jambo ambalo kwa mtu anayewafahamu mafundi wa vyuma lilikuwa ishara mbaya. Lakini lazima nimtendee haki mwuzaji: kwa mara moja katika historia ya meza ile, mtu alisema kweli tupu. Mkono ulikuwa wa Kimarekani. Na ile kweli ndiyo iliyonitesa.

Aliyefumbua fumbo ni jirani yangu, mzee aliyekuwa akichonga vyuma kwenye kampuni ya madini ya Gécamines, mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondoka kati ya mwaka 2003 na 2004 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Aliondoka, lakini kalipa yake, kile kipimio cha unene, haikuondoka mikononi mwake. Anaihifadhi ndani ya soksi, na soksi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Hakuitwa na mtu. Alisikia ile "tak" ikivuka ukuta jioni nikijifua, akaja na kopo lake.

"Ile makelele iko ya meno ya visi," akasema, kabla hata ya jambo.

Hakusema kaza. Nalirudia hili kwa heshima zote: hakusema kaza. Aliomba mkono, akauweka katikati ya taya za kalipa, akasogeza kidole gumba taratibu, akapandisha miwani na kusoma. Milimita 4.8. Halafu akatoa mfukoni boliti ya milimita 5 ya pikipiki, akaizungusha ndani ya tundu la gitaa kwa vidole viwili. Ikashuka imenyooka, haikutikisika hata kidogo. Akanitazama.

"Huyu iko wa inchi, ule iko wa milimita. Nani alibafungisha ndoa?"

Hesabu yenyewe ndiyo hii, na ningeomba kila mwenye gitaa aikate na kuibandika ukutani. Leo Fender alipolitoa gitaa lake la Stratocaster mwaka 1954, alikuwa Mmarekani wa California anayehesabu kwa inchi. Mkono wa gitaa la Kimarekani la aina hiyo, kwa kawaida, una unene wa inchi 0.190, yaani milimita 4.83 hivi, na meno 32 kwa kila inchi. Viwanda vingi vya Asia, vinavyotengeneza magitaa ambayo watu wa mfuko wangu wanayanunua, vinatoboa tundu la milimita: mengine 5, mengine 6. Lenye tundu la 6 halina shida, mkono wa Kimarekani unatumbukia tu na mjinga yeyote anaona haufai. Mchawi ni lile la 5. Meno yake yanaachana kwa milimita 0.8, ya Kimarekani yanaachana kwa milimita 0.794. Tofauti hiyo hata sehemu moja ya mia ya milimita haifiki, kwa hiyo mkono unaingia ukicheka. Ila kwa unene umepungua milimita 0.17. Haizidi karatasi mbili za daftari. Katika karatasi hizo mbili ndimo "tak" inamokaa.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Mkono wa milimita 5 kwenye tundu la Kimarekani unaingia mizunguko michache, kisha unagoma. Hapo ndipo jeshi la "kaza" linapofika na koleo zake. Na kile kipande cha chuma kilichotobolewa tundu, kwenye magitaa ya bei nafuu, mara nyingi si chuma cha pua bali mchanganyiko wa zinki, laini. Mkono wa chuma ukilazimishwa humo, unakula meno yote kwa mlo mmoja.

"Sisi ku usine tulikuwa tunapima mbele, kisha njo tunakaza," akasema mzee. "Bale ba kukaza mbele, bengine balipoteza vidole."

Mimi nadhani sisi wa Lubumbashi ndio watu wa mwisho duniani wenye haki ya kushangazwa na vita vya inchi na milimita. Reli ilipofika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini, ilifika na upana wa Kiingereza: futi 3 na inchi 6. Wabelgiji waliokuwa wakiusimamia mji walikuwa watu wa mita, wakaandika milimita 1,067, na treni ikaendelea kupita bila kuuliza inapita juu ya nini. Tangu wakati huo hatujachagua upande. Nenda kwa mwuza mabomba ya maji: unene atakutajia kwa inchi, urefu kwa mita, na hataona kioja chochote. Soma ubavu wa tairi la gari lolote: upana ni milimita, rimu ni inchi, na vyote vimeandikwa kwenye mpira mmoja. Vitu vya kiwandani vimezoea kuishi hivyo, kwa sababu aliyeviunganisha alijua alichokuwa akiunganisha. Mkono wangu uliunganishwa na ndoo.

Sasa nirudi kwenye lile swali la kijana wa Ruashi, maana usiku lilikuwa likinirudia. Mkono wa nini, kweli?

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Mtoto wa Bunkeya, gitaa kavu, kidole gumba na cha shahada. Hapakuwa na kitu cha kusukuma, na bado watu wanaojua gitaa mpaka leo wanavunja vidole wakimfuata. Gitaa la umeme lilipoanza kusikika kwenye studio za Léopoldville, Kinshasa ya leo, pamoja na Mbelgiji Bill Alexandre aliyefika mwaka 1953, wapigaji wetu walilichukua lakini muziki waliujenga kwenye vidole: solo hapa, mi-solo pale, akompa katikati anayeshikilia nyumba isianguke. Mpiga solo Docteur Nico alipotaka sauti iteleze, alikwenda kupiga gitaa la Kihawai, lenye kazi hiyo. Na mwaka 1969, katika kiangazi kimoja huko Marekani, mwezi wa Julai Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport na gitaa lake lisilo na mkono. Mwezi wa Agosti, Woodstock, Jimi Hendrix aliusukuma mkono wa Stratocaster mpaka wimbo wa taifa wa Marekani ukalia kama mabomu. Wote wawili walipigiwa makofi. Hendrix alikuwa na sababu ya kuwa na mkono. Mimi, mpiga akompa wa Katuba, ambaye mchungaji hajawahi kuniomba mlio wa bomu, sababu yangu ni ipi?

Nitaisema: mkono unapendeza. Gitaa lisilo na mkono, lenye tundu tupu kwenye daraja, linaonekana limeibiwa. Kamati za harusi hapa mjini zinaangalia gitaa kabla ya kulisikiliza. Ukija na tundu, bei yako inashushwa, na hakuna vidole vya Mwenda vitakavyoipandisha.

Kwa hiyo ilibidi utibiwe. Mzee alitoa springi ya biki iliyokwisha wino, akakata kipande kifupi, akakidondosha ndani ya tundu. Ni dawa halali: magitaa mengine ya Kimarekani yanatoka kiwandani na springi ndogo kama hiyo humo ndani. Mkono ukizungushwa ukaigusa, springi inausukuma juu, meno ya mkono yanaegemea meno ya tundu, na ule ulegevu unakosa pa kutembea. Pia inauzuia kuanguka: unausimamisha pale unapotaka, unabaki.

Kwa zile karatasi mbili za daftari, alitaka tefloni, utepe mweupe wa mafundi bomba. Mke wangu aliuleta kabla sijafungua mdomo. Mzee akauzungushia kwenye meno ya mkono, mizunguko miwili ya kubana, na akanionyesha kitu ambacho wengi wanakikosea: ushike mkono ncha ikikutazama, kisha uzungushe utepe upande uleule mshale wa saa unaokwenda. Ukiuzungusha kinyume, ukianza kuingiza mkono utepe unajikunja na kutoka wote mdomoni mwa tundu. Aliingiza mkono taratibu, akasimama pale ulipoanza kubana, akarudisha nusu mzunguko. Akausukuma. Kimya. "Tak" haipo.

"Ile tepe ulileta juu ya robine," mke wangu akasema akiwa mlangoni. "Robine iko inavuya mpaka leo, lakini gitare iko imepona."

Kuna mambo ambayo mwanamume mwenye hekima hayajibu mbele ya jirani.

Mzee akafungua na kifuniko cha mgongoni, maana fundi wa kiwanda hawezi kuona skrubu nne akaziacha. Ndani kuna springi zinazovuta daraja upande mmoja, wakati nyuzi zinalivuta upande wa pili kwa nguvu inayozidi kilo 40. Amani ya gitaa iko kati ya hao wawili. Uzi mmoja ukikatika katikati ya sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezea, springi zinashinda, daraja linalala nyuma, na nyuzi tano zilizobaki zinapanda sauti zote. Umewahi kuona mpiga gitaa anatabasamu kwenye harusi huku jasho linamtoka? Ndiyo hiyo. Dawa yake ni kuzikaza zile skrubu mbili zinazoshikilia springi mpaka daraja lilale kabisa juu ya ubao, kisha utune upya. Mkono utashusha sauti tu, hautaipandisha, lakini uzi ukikatika zilizobaki haziendi mbali. Na hapa, ndugu zangu, ndipo pekee katika habari hii yote ambapo mzee alitumia lile neno. Alisema: "Sasa kaza." Alikuwa ameshapima.

Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akakunja mikono. "Haya, piga sebene."

Nikachomeka waya, nikawasha amplifaya, taa ikawaka nyekundu, ikazimika. Taa ya sebuleni nayo ikazimika. Ya jirani pia. Mtaa mzima ulipiga ule mguno tunaoupiga umeme ukikatika, na mzee akasikiliza akompa yangu gizani bila spika, sikio likiwa karibu na nyuzi. Alisema mkono hausikiki. Nilimwambia ndiyo sifa yake mpya.

Sasa yangu kwa msomaji, na hasa kwa mwenye gitaa. Chema chajiuza; kinachokwambia ni cha gitaa lolote, kina lake jambo. Kabla hujanunua mkono, nenda sokoni na boliti mbili mfukoni, ya milimita 5 na ya 6, na ujue kwanza ipi inashuka kwenye tundu lako kwa vidole. Zote mbili zikikataa, huenda gitaa lako ni la inchi, na hapo ndipo ule wa Amerika utakufaa. Ninyi wauzaji, pimeni ndoo zenu mara moja, mtenganishe inchi na milimita kwenye mifuko miwili. Hamtapoteza mteja, na mimi nitawaletea wengine. Tefloni inaisha, ibadilishe. Springi ya biki haina bei.

Na wewe unayepiga akompa, ambaye mwaka mzima hakuna aliyekuomba uutumie huo mkono: uweke kwenye gitaa siku ya kupatana bei na kamati ya harusi. Siku ya kupiga, uchomoe uutie mfukoni, na pesa uliyotaka kununulia mwingine, nunua nyuzi.